Apikaye Ndiye Achague Mbegu ya Nyanya

Kabla hujafunua ukurasa wa pili kwa kudhani kwamba somo la Kilimo limepotea njia likaingia katika jarida la Chama cha Kiswahili, hebu nipe dakika chache tu. Nataka kuzungumzia nyanya. Sisemi nyanya mzaa mama, ingawa naye atatokea papo hapo chini. Nasema nyanya za sufuriani, zile ambazo ndugu zetu wa Mombasa huziita tungule.

Kwetu, kando ya mji wa Thika, tuna kijishamba nyuma ya jikoni. Si kikubwa, ukisimama mwanzo wa tuta unaweza kumrushia mtu kitana mwisho wa tuta na akakidaka. Mwaka juzi mjomba wangu, ambaye tunaishi naye na ndiye mwanamume mkubwa pale nyumbani, alikuja na pakiti ya mbegu za Cal J. Nyanya (huyu sasa ndiye mzaa mama) akamwuliza kwa nini hakuleta Money Maker. Mjomba akacheka. Akasema Money Maker ni mambo ya kizamani, ngozi yake ni laini kama ya mtoto mchanga, ukiipandisha matatu inafika sokoni ikiwa supu. Mama hakusema kitu, alikuwa akichambua sukuma wiki. Mimi nikafungua kinywa, nikaambiwa mchagua jembe si mkulima. Basi nikafunga.

Sitaki kumsingizia mjomba. Alilosema kuhusu Cal J ni kweli tupu. Hiyo ni nyanya ya safari. Tunda lake ni gumu, ngozi ni nene, unaweza kulipanga katika kreti kule Mwea na likafika Nairobi likiwa zima. Mnyanya wake ni mfupi, hufika kimo fulani ukakoma kurefuka, na matunda yake huiva karibu yote kwa wakati mmoja. Kuna watu waliozitafuta nyanya za aina hiyo kwa makusudi. Kule California, katika chuo kikuu cha Davis, mtaalamu Jack Hanna alizalisha nyanya ngumu iitwayo VF-145, ikaenea katika miaka ya 1960, kusudi mashine ipite shambani mara moja tu ivune kila kitu. Mkulima mwenye ekari na lori linalomsubiri njiani, huyo apande Cal J na mimi nitampigia makofi.

Lakini sisi tuna lori? Tuna sufuria.

Minyanya yetu ilikuwa kama arobaini hivi. Ilipoanza kuiva, jamani, iliiva! Wiki ya kwanza tulifurahi. Wiki ya pili mabeseni mawili yalijaa, na majirani nao walikuwa na zao, kwa hiyo hukuweza hata kumpa mtu akakushukuru. Mama aliuza kidogo kwa bei ya kutupa. Zilizobaki tukala, tukala tena, nyingine zikawapata kuku. Baada ya wiki nne hivi minyanya ikakauka, mambo yakaisha. Kisha mvua ikaja, bei ya nyanya ikapanda kama inavyopanda kila mwaka, tukaanza kununua tatu kwa shilingi 20, halafu mbili. Halafu tukaanza kukopa.

Aliyetumwa kukopa ni nani? Ni mimi, nikitoka shule jioni, na sare yangu na mkoba wangu mgongoni. Mama mboga wetu ni mtu mwema, hakunifukuza hata siku moja, lakini alikuwa na daftari, na katika daftari hilo kulikuwa na ukurasa mzima wenye jina la mama yangu. Siku moja msichana wa darasa letu alikuwa amesimama kando yangu akinunua vitunguu. Aliusoma ule ukurasa. Hakusema neno, wala sisemi ni nani, lakini nilimwona akiusoma.

Jioni hiyo ndipo nilianza kufikiri sawasawa juu ya mbegu. Tulichokosa si nyanya. Nyanya tulizipata, tena nyingi mno, ila tulizipata zote pamoja. Jikoni pa watu sita panataka nyanya nne au tano kila siku, si mabeseni mawili siku moja. Na Money Maker ya nyanya yangu ndivyo ilivyo. Huo ni mnyanya mrefu, unazidi kupanda na kuchanua huku matunda ya chini yakiiva, na ukiutunza utakuvunia miezi kadhaa. Unachuma za leo, unaacha za kesho. Hata ile ngozi laini aliyoicheka mjomba haina ubaya wowote, kwa maana safari yenyewe ni hatua ishirini kutoka tutani hadi jikoni.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa Kilimo aliniambia nimesema vizuri, lakini hata Cal J ingefaa kama tungesia mbegu kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu. Naam, kwa kitabu ni sawa. Lakini mwalimu, kwa heshima zote, pakiti ikishafunguliwa ni nani pale kwetu atasia chache na kuacha nyingine? Mjomba?

Sasa nisije nikaonekana napigia debe upande mmoja tu. Money Maker ina shida zake. Bila vijiti vya kuushikilia, mnyanya unalala chini na matunda yanaoza. Ni lazima uvivunje vichipukizi vya kwapani, la sivyo unapata msitu wa majani. Magonjwa nayo huipenda. Ukungu wa wakati wa mvua ukiingia, majani yanababuka kama yaliyomwagiwa maji moto. Na yule mdudu Tuta absoluta, aliyebainika humu nchini mwaka 2014, hachagui jina la mbegu.

Tena kuna mchuzi. Likizo iliyopita nilibandika sufuria mbili, moja ya Money Maker na nyingine ya Rio Grande nilizonunua. Rio Grande ina nyama nene na maji machache, kwa hiyo ilikuwa rojo mapema, na makaa yakabaki. Money Maker ilichukua muda, maji yake ni mengi. Lakini kwa uchachu, na kwa kachumbari, Rio Grande haioni ndani. Nyanya alionja zote mbili akasema moja ni mchuzi na nyingine ni rangi. Mimi sikubaliani naye kabisa. Kwa maharagwe ya chapati ningechukua Rio Grande bila kusita. Kwa sababu hiyo maoni yangu ni kwamba katika kijishamba kama chetu, Money Maker iwe nyingi na Rio Grande iwe mashina machache, sita hivi.

Mbegu za F1 sizikatai, mavuno yake tunayaona, lakini ukihifadhi mbegu za matunda yake, zitakazoota hazitafanana na mama yao. Money Maker inafanana. Nyanya hukamua mbegu katika kikombe cha maji, huziacha siku mbili tatu mpaka ule utelezi utoke, huzisafisha, kisha huzianika kivulini juu ya gazeti. Hajanunua pakiti tangu nizaliwe.

Wavulana wenzangu wa kidato cha tatu wataniuliza, haya yote yanahusu nini? Yanahusu nani anaulizwa. Kwetu anayechota maji ya kunyweshea ni mimi, anayepika ni mama na nyanya, na anayekopa ni mimi tena. Aliyechagua mbegu hajawahi kujua ile sufuria hukaa rafu gani. Ulizeni makwao wangapi ni hivyo hivyo. Nasema katika kikao cha mbegu apikaye aketi mbele.

Mjomba, kusema kweli, alisikia. Mwaka huu amekata vijiti mwenyewe, na nyanya amemkataza kuishika miche kabla hajanawa mikono, kwa ajili ya sigara zake, maana tumbaku na nyanya ni jamaa moja na huambukizana ugonjwa. Ananawa huku ananung'unika. Miche imefika shubiri moja, na Jumamosi tunaihamisha kutoka kitaluni, upande ambao mwaka jana hapakuwa na viazi. Mbegu zilizobaki ziko kwenye gazeti. Anayetaka aje 3B wakati wa chakula cha mchana, na bahasha yake.