Ngitili na Darasa la Uchumi wa Maliasili

Mwanafunzi anayeanza masomo ya uchumi wa maliasili na mazingira hukutana mapema na majina makubwa ya taaluma hiyo. Husoma makala ya Hotelling ya mwaka 1931 kuhusu rasilimali zinazokwisha, kama vile madini. Husoma ya Gordon ya mwaka 1954 kuhusu wavuvi wanaogombea samaki wasio na mwenyewe. Na aghalabu husoma ya Hardin ya mwaka 1968, idaiyo kwamba malisho yaliyo wazi kwa wote hatimaye huharibiwa na hao wote. Nadharia hizo ni za lazima, na asiyezijua hawezi kuhesabiwa kuwa mtaalamu. Kasoro iko mahali pengine. Yawezekana kabisa mwanafunzi akazikariri, akazijibia mtihani na akahitimu vizuri, pasipo kuwahi kupima thamani ya kichaka kimoja.

Vichaka vyenye mengi ya kufundisha havikosekani. Wasukuma wa Shinyanga wana desturi ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zianzapo ili nyasi na miti vistawi, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi wakati ng'ombe hawana tena cha kula kwingineko. Katika enzi ya ukoloni misitu mingi ya huko ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na kilimo cha pamba kikaendelea kuila ardhi iliyobaki. Wananchi walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, familia nyingi ziliziacha ngitili zao nyuma. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimevuka hekta 300,000.

Mradi huo haukufanikiwa kwa kupanda miche peke yake. Sehemu kubwa ya miti iliota yenyewe kutoka katika visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini, maadamu mifugo ilizuiwa. Sheria za kuzuia mifugo hazikutungwa Dar es Salaam. Zilitungwa na dagashida, ambalo ni baraza la jadi la Wasukuma, na wavunjaji wakashughulikiwa na sungusungu. Hivyo malisho hayo hayakuwa wazi kwa wote hata kidogo. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba watu wa kawaida waweza kujiwekea kanuni za kutunza mali yao ya pamoja. Yastaajabisha mhitimu wa Kitanzania kumjua Hardin kabla ya kulijua neno dagashida.

Mwaka 2004 Wizara ya Maliasili na Utalii, ikishirikiana na shirika la hifadhi la IUCN, ilichunguza faida za ngitili. Watafiti walihesabu kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa za miti shamba, asali na malisho, ambavyo vingi havifiki sokoni. Waliona pia kwamba wanawake walipunguziwa mwendo wa saa kadhaa wa kutafuta kuni na maji. Faida hizo zilikadiriwa kuwa kama dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, ilhali matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa kama dola 8.50. Afisa mipango aliyekuwa akikiona kichaka hicho kama pori tupu alikuwa akilipuuza fungu kubwa kuliko fedha yote aliyotumia mwanakijiji.

Hapa ndipo hesabu za taifa zinapopotosha. Mti ukigeuzwa mkaa, mauzo yake huweza kuingizwa katika pato la taifa. Upungufu wa msitu hautolewi popote. Umoja wa Mataifa uliidhinisha mwaka 2012 mfumo wa takwimu unaounganisha hesabu za mazingira na za uchumi, lakini mfumo huo hauwezi kujijaza wenyewe. Unahitaji watu wanaojua kuuliza kaya moja imechota mizigo mingapi ya kuni, na kuni hizo zingegharimu nini kama zingenunuliwa.

Hata hivyo, wastani nao una udanganyifu wake. Ngitili kubwa za binafsi ni za wenye ng'ombe wengi. Kaya maskini hutegemea zaidi ngitili za kijiji, na nyingine hazina kitu. Wanyama wa porini waliorejea pamoja na miti nao walileta hasara mashambani. Mwanafunzi anayefundishwa kutafuta jumla pekee atasifu dola 14 na kuondoka, bila kuuliza zimeingia boma la nani.

Kwa sababu hiyo, somo hili lingestahili kiangazi kizima cha kazi vijijini, chenye alama sawa na mtihani wa nadharia. Wapo watakaosema kwamba vyuo havina fedha za safari. Lakini kijiji chaweza kuombwa wakati wowote kigeuze ngitili yake kuwa shamba la pamba, na mezani mwa halmashauri ya wilaya bei ya pamba itakuwa imekwisha andikwa. Bei ya upande wa pili itaandikwa na mtu aliyekwenda kuitafuta.