Ilani: Rejea Isigeuzwe Kipimo cha Ukawaida

Sisi tunaosoma DNA ya mitokondria, ile ambayo mtoto huirithi kwa mama yake, tunaanzisha harakati hii tukiwa na dai moja kubwa. Herufi ya mgonjwa wa Afrika isiitwe badiliko kwa sababu tu haifanani na ya mwanamke mmoja wa Ulaya.

Mwaka 1981 kundi la Fred Sanger huko Cambridge lilitoa mfuatano wa herufi 16,569 unaotumika kama rejea, sehemu kubwa ikitoka kwenye kondo la nyuma la mwanamke huyo. Sehemu nyingine zilisomwa kwenye seli za HeLa, alizochukuliwa Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi, bila ridhaa yake. Penye utata palijazwa kwa DNA ya ng'ombe. Mwaka 1999 makosa yakasahihishwa, ikabainika kuwa nafasi ya 3107 haikuwa na herufi yoyote. Ikaachwa tupu ili namba zinazofuata zisihame. Uamuzi huo ulikuwa wa busara na tunauheshimu.

Tatizo liko kwenye nafasi kama 8860 na 15326. Rejea ina A. Karibu wanadamu wengine wote tuna G. Iliyobadilika ni ya Cambridge, tena juzijuzi tu katika historia ya binadamu. Hata hivyo programu humwandikia Msandawe au Mhadza "8860, A kuwa G", kana kwamba yeye ndiye aliyeacha njia. Na matawi ya kale kabisa ya koo za mama yapo Afrika! Watu wenye asili ya mabara mengine, kwa upande wa mama, wametokana na tawi moja tu la Kiafrika, L3.

Hatutaki rejea ya Cambridge itupwe. Kwa miaka kadhaa kivinjari cha jenomu cha Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kilitumia mfuatano wa Myoruba wenye herufi 16,571. Haki haikupatikana, namba zilisogea, na badiliko lilelile likaandikwa kwa anwani mbili. Namba zibaki zilivyo. Mwelekeo wa badiliko usomwe kwenye mfuatano wa shina la mti wa koo za mama uliopendekezwa mwaka 2012 na Doron Behar na wenzake, ambao umehifadhi namba hizohizo.

Wala hatupunguzi uzito wa ugonjwa. A ikigeuka G kwenye nafasi ya 3243 inaweza kuleta kisukari na uziwi kwa mtu wa ukoo wowote, na daktari aambiwe hivyo waziwazi.

Kuanzia leo kila jibu litakalotoka mikononi mwetu litataja rejea iliyotumika. Hakuna herufi tutakayoishuku kuwa chanzo cha ugonjwa kabla ya kuitafuta kwanza katika koo za Kiafrika za L. Tutaweka hadharani mfuatano mzima badala ya orodha ya tofauti, na hatutauweka pasipo ridhaa ya mwenye damu, aliyoitoa kwa lugha anayoielewa.