Mikro ya Gitaa la Kwaya

Katika parokia za Kasongo na Kabambare vijana wa kwaya hutunza mara nyingi sanduku dogo la fedha. Hutia humo bei ya karanga, ya mpunga na ya mawese, na baada ya mavuno mawili au matatu humtuma mwenzao mmoja Kalemie au Bukavu kununua gitaa la umeme. Mjumbe huyo hutazama rangi, hutazama jina lililoandikwa kichwani mwa chombo, kisha hurudi na kitu kizuri machoni. Dominika ya kwanza kitu hicho chavuma kama mzinga wa nyuki, hata waimbaji hawasikiki. Fedha imekwisha, na sanduku ni tupu mpaka mavuno mengine. Kwa hiyo leo twataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho huamua sauti ya gitaa la umeme kuliko rangi na jina lake.

Wapigaji wa kwetu hukiita mikro, kwa kufuata Kifaransa. (Katika Afrika ya Mashariki wengine husema pikapu, lakini neno hilo ni pia jina la gari la mizigo, basi sisi tushike mikro.) Si kile kipaza sauti cha mwimbaji. Hicho hupokea mtikisiko wa hewa, lakini mikro ya gitaa hupokea mtikisiko wa chuma. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara 7,000, 8,000 na hata zaidi. Mzungusho huo wa waya huitwa bobini. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya, kwa sheria ile aliyoigundua Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831. Ampli huukuza umeme huo, na bafle huugeuza kuwa sauti.

Kutoka hapo twapata jambo la kwanza. Gitaa la mbao ambalo vijana huliunda wenyewe, wakilitia nyuzi za kamba ya breki ya baiskeli, laweza kutiwa mikro na kusikika vema, kwa sababu kamba hiyo ni chuma. Lakini ukifunga nyuzi za nailoni za mvuvi, mikro iliyo bora kabisa duniani itanyamaza. Sumaku haina neno na nailoni.

Sasa, kuna mikro za aina mbili kubwa. Ya kwanza ina bobini moja. Gitaa la Stratocaster, ambalo Leo Fender alilitoa Marekani mwaka 1954, lina mikro tatu za aina hiyo, na sauti yake ni safi, yenye kulia kama kengele ndogo. Wapenzi wa muziki wa Kongo waijua sauti ya namna hiyo: ndiyo inayofaa kwa seben, pale solo inapopanda juu ya magitaa mengine bila kuwakanyaga waimbaji. Gitaa la umeme lenyewe lilianza kujulikana Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, hasa tangu mwaka 1953, alipofika Mbelgiji Bill Alexandre kufanya kazi katika studio ya CEFA. Vijana wa pale waliipenda sauti hiyo upesi, na mmoja wao, Nicolas Kasanda, baadaye aliitwa na watu wote Docteur Nico.

Lakini bobini moja ina kilema. Hupokea sauti ya uzi, na hupokea pia kila umeme uzungukao karibu: wa transfomeri, wa taa ndefu nyeupe, wa mashine ya kufua umeme. Mvumo huo mtu aweza kuuvumilia mahali penye umeme mzuri. Kwetu Kabambare sivyo. Umeme wetu watoka katika mashine ya petroli ikohoayo nyuma ya kanisa, au katika sahani za jua zenye betri na kigeuza-umeme cha bei ndogo, na kigeuza-umeme cha namna hiyo hutoa mikwaruzo mingi kuliko mashine yenyewe.

Ndiyo maana ya mikro ya aina ya pili. Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1955, na magitaa yenye mikro hiyo yalitoka mwaka 1957. Aliweka bobini mbili pamoja, waya ukizunguka huku na huku kwa kinyume, na sumaku pia kwa kinyume. Mvumo wa nje huingia katika bobini zote mbili, nao hupigana wenyewe kwa wenyewe na kufa; sauti ya uzi hujumlishwa. Hasara yake ni kwamba sauti huwa nene zaidi, na ule ukengele hupungua.

Basi muziki wetu wapenda bobini moja, na umeme wetu wadai bobini mbili. Tufanyeje? Sisi twashauri bobini mbili, iliyowekwa karibu na daraja la nyuzi. Mahali hapo uzi hutikisika kidogo tu na sauti huwa kali, hivyo ule ukengele hurudi kwa sehemu kubwa. Ile inayobaki hutafutwa katika ampli kwa kuongeza sauti za juu. Mikro iliyo karibu na shingo hutoa sauti laini na nzito, nayo yafaa kwa zaburi ya taratibu. Mwenye kupenda Stratocaster au mfano wake na auulize kama mikro ya katikati imezungushwa kinyume. Kama ndivyo, akiiwasha pamoja na mwenzake mvumo hupungua sana.

Wauzaji siku hizi husifu pia vyombo vipya vilivyoundwa kwa mtindo wa miaka ya 1950, vyenye sumaku za alniko. Alniko ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Katika aina yake inayotumika sana, kobalti ni karibu robo nzima. Katika miaka ile nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa kobalti, iliyochimbwa Katanga pamoja na shaba. Mwezi wa Mei 1978 vita viliingia Kolwezi, bei ya kobalti ikapanda vikali, na waundaji wengi wa bafle wakaiacha alniko wakashika sumaku ya ferite. Hivyo sauti hiyo ya zamani, ambayo matajiri wa Ulaya na Marekani waitafuta leo kwa fedha nyingi, ilipunguzwa kwa sehemu na vita vya huku kwetu! Gitaa la Les Paul la mwaka 1959 leo huuzwa zaidi ya dola 100,000. Lakini siku zile halikuuzwa vema, hata Gibson wakabadili umbo lake.

Tofauti ya alniko na ferite katika mikro ipo. Lakini ni ndogo kuliko tofauti ya nyuzi mpya na nyuzi zenye kutu, na mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna atakayeisikia. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, aliporekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952 hakuwa na mikro ya gitaa wala ampli. Alikuwa na kidole gumba na kidole cha shahada.

Ampli ya lampu, hata kama ni ya sifa, isinunuliwe: ni nzito, na ile kubwa hula wati 100 na zaidi mpigaji akiwa amepumzika. Ampli ndogo ya betri ya volti 12 yatosha kanisa la kijiji, na humkinga mpigaji. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chuma cha ampli. Ampli ikiwa mbovu, na mashine ya umeme haina waya wa ardhini, mpigaji agusaye kipaza sauti kwa mdomo aweza kufa. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa Skoti, aliuawa hivyo jukwaani huko Swansea.

Mjumbe wenu na achukue dukani kipimio cha umeme, kile cha mafundi wa redio. Akigusa ncha mbili za waya wa gitaa, sauti ikiwa imefunguliwa yote, kipimio kionyeshe omu 5,000 hadi 15,000 kwa kila mikro. Kisipoonyesha kitu, waya umekatika. Kisha aliunganishe gitaa na ampli, asimame karibu na transfomeri, ageuke polepole pande zote akisikiliza mvumo. Fedha itakayobaki anunue nyuzi, seti tatu au nne.