Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Shirika Linalotuuzia Moto

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: JIKO LANGU LA UMEME, NA GUNIA LA MAKAA LILILO NYUMA YA MLANGO WANGU

Mheshimiwa,

 Natumaini chai yako umeinywa ikiwa moto. Yangu leo imechemka saa moja na nusu, saa ambayo nilitakiwa niwe nimesimama mbele ya darasa. Makaa yalikuwa yamelowa. Nilipuliza mpaka machozi yakanitoka, nikafika shuleni nimechelewa, nanuka moshi kama samaki mukeke wa kubanikwa, na watoto wa mstari wa mbele wakaziba pua kwa adabu. Ukikuta maneno ya barua hii yana moshi, usishangae.

Habari ya nguzo yetu unayo. Ni ile iliyoinama, pale tunapoacha lami ya kwenda Nyanza-Lac na kuingia mtaani kwetu. Imeandikwa mara tatu kwenye daftari la ofisi yako ndogo, na mara zote tatu kalamu ilikuwa yangu, kwa sababu ya ofisi haikuwa na wino.

Naanza na jiko, kwa kuwa wewe hujaliona. Ni la sahani mbili, moja ya wati 1000, nyingine ya wati 1500. Lilivuka ziwa kutoka Kigoma kwa boti, likashushwa Rumonge katikati ya mabunda ya vitenge na ndoo za plastiki. Nililiwekea akiba mihula miwili. Fundi alipolipokea hakukubali lichomekwe kwenye priza ya sebuleni. Alipiga hesabu ukutani kwa kipande cha chaki nilichokuwa nacho mfukoni: wati 2500, volti 230, karibu ampea 11. "Mwalimu," akaniambia, "waya huu wa milimita moja na nusu waliuweka kwa ajili ya redio." Akavuta waya mwingine wa mbili na nusu kutoka kwenye boksi mpaka jikoni, akauwekea kidude chake cha kujizima. Nyuma ya nyumba akachimba shimo, akapigilia nondo ya shaba, akaniomba chumvi na makaa ya kulijazia ili ardhi ishike vizuri. Makaa yale, Mheshimiwa, ndiyo ya mwisho niliyonunua kwa miezi kumi na minne. Niliyazika kwa mikono yangu, na nakiri kwamba nilifurahi kama mtu anayemzika adui.

Miezi kumi na minne! Maharage yanalowekwa usiku, asubuhi yanapanda sahani kubwa, yakianza kuchemka nayahamishia ndogo, kisha naketi kusahihisha madaftari. Sombe ikiiva hakuna wa kufukuza moshi. Gunia lililokuwa likinilia robo ya mshahara likawa hadithi ninayowasimulia wageni, na uniti za umeme za kashpawa, hata zilipopanda, hazikunifikisha huko.

Kisha nyutro ikalegea.

Mafundi wako wanajua maana yake, lakini niruhusu niseme nilivyofundishwa mimi na fundi wangu, maana majibu ya ofisi yako yanaonyesha kwamba somo hili halijafika kila dawati. Waya zenye moto zinapita tatu kwenye nguzo. Kati ya mmoja na mwenziwe kuna volti 400. Kinachofanya kila nyumba ipate 230 zake na si zaidi ni ule waya wa nne, nyutro, ambao nyumba zote zinarudishia kwake. Ukikatika, nyumba zinabaki zimefungana zenyewe kwa zenyewe, zinagombania zile 400, na nyumba za waya wenye vichache vilivyowashwa ndizo zinazobebeshwa nyingi. Wetu ulikuwa wa alumini uliosokotwa kwenye shaba kwa koleo, bila kile kiungio cha kuzitenganisha metali mbili, na unyevu wa ziwa ukauma hapo kidogo kidogo. Mara ya kwanza nilipokuja kutoa habari nikaambiwa, "Tumeandika." Mara ya pili vijana wako walifika na ngazi ya kuazima kwa jirani, wakasokota tena, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda. Mara ya tatu nikaambiwa habari yangu tayari wanayo. Hiyo ni kweli. Waliisoma kwa sauti mbele yangu.

Jioni nyutro ilipokatika, maharage yalikuwa jikoni. Balbu ya sebuleni ilianza kung'aa, ikawa nyeupe ya kuumiza macho, nami kwa ujinga wangu nikadhani hatimaye mmetukumbuka. Ile sahani kubwa, ambayo katika kupika kwake kote haijawahi kuonyesha zaidi ya wekundu wa aibu, ikaiva kama jua linapozama upande wa Kongo. Nikasikia kishindo kidogo, kama karanga inapopasuka. Harufu ya mpira. Nilipokimbilia priza, plagi ilikuwa imeyeyuka na kushikana nayo, nikaizima nyumba nzima kwenye boksi. Kwa jirani yangu, wakati uleule, balbu ya zamani ilikuwa imefifia mpaka kubaki nyuzi nyekundu. Fundi alikuja na kipimo chake usiku huohuo. Kwangu 350. Kwa jirani 50. Jumlisha mwenyewe. Sahani ya wati 1500 ilikuwa imebebeshwa karibu wati 3500, na ile nondo yangu ya shaba, pamoja na chumvi yake, haikuwa na la kufanya, kwa sababu fimbo ya nyuma ya nyumba haiungi waya wa juu ya nguzo.

Friji ya jirani, chaja tatu, redio ya mama mkwe wangu: hayo wenyewe wataandika.

Jibu lenu nililipokea baada ya wiki tano. Mstari mmoja wenye muhuri mzuri sana: yanayotokea baada ya mita ni shauri la mteja. Nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyosoma barua za wanangu. Mheshimiwa, nyutro iliyokatika iko kabla ya mita. Iko kabla ya ukuta wangu, kabla ya ua wangu, mita nane juu ya kichwa changu, mahali ambapo nikipanda mtanifunga, na mtakuwa na haki. Kwa hiyo waya ni wenu mpaka unapounguza, ukiunguza ni wangu?

Fundi amelifungua jiko. Koili ya sahani kubwa imekatika mahali pawili, kidhibiti joto kimegandana meno, waya za ndani zimekuwa majivu. Ndogo aliiokoa kwa kuunga koili, ikapika uji siku nne, ikakatika palepale penye kiungo. Vipuri viko Bujumbura, na habari ya mafuta ya gari katika nchi hii unaijua kuliko mimi, wewe ambaye bila shaka hupangi foleni. Lakini sikiliza: hata vipuri vikishuka leo kutoka mbinguni, hata ukinitumia jiko jipya na utepe juu yake, silichomeki. Nyutro imesokotwa tena kwa koleo. Upepo wa ziwa ukivuma jioni, taa zinacheza, na mimi nainuka kuchomoa kila kitu kama mtu anayeanua nguo mvua inapokuja.

Ndiyo maana gunia limerudi nyuma ya mlango. Nalitaja tena kwa sababu kila mwezi nalilipa tena. Anayeniletea hulisukuma kwa baiskeli, namuuliza miti ilikotoka, ananijibu, "Mlimani." Sisi tunaishi Kigwena. Jina hili watu wa mbali wanalijua kwa sababu ya msitu, kipande cha msitu wa kando ya ziwa kilichobaki wakati pwani yote imekuwa michikichi na mihogo, ambamo nyani bado wanavuka lami asubuhi kama wanafunzi waliochelewa. Mlima gani, basi? Simuulizi mara ya pili, maana nina maharage ya kuivisha. Miaka yote tunaambiwa na redio na mabango tuache makaa tuokoe miti. Mimi niliacha. Nilitii kwa akiba ya mihula miwili.

Mnatusomea megawati. Maporomoko ya Rusumo 80, tugawane na Rwanda na Tanzania. Mito ya Jiji na Mulembwe, 49.5, maji ya milima yetu wenyewe ya kusini. Nafurahi, sisemi kwa kejeli. Katika nchi ambayo wenye umeme ni kama mmoja kati ya kumi, kila megawati ni baraka. Ng'ambo ya ziwa Watanzania wametoa mkakati mwaka 2024 kwamba ikifika 2034 watu 80 kati ya 100 wapike kwa nishati safi, na jiko langu lilitoka hukohuko. Lakini hakuna aliyewahi kupikia megawati. Watu wanapikia kile kinachofika kwenye priza, na kwetu kinapita kwenye kiungo ambacho mtoto wa darasa la sita angeona aibu kukifunga. Mtakata utepe wa bwawa, mtapigwa picha, na safari yote ile ya maji na chuma na mikopo ya miaka itaishia kwenye ngazi ya kuazima. Na hili si la nguzo yangu tu. Muulize mwenye saluni, mshona nguo, mwenye mashine ya unga. Kila mmoja hapa ana kifaa chini ya kitanda kilichokufa jioni fulani, na barua yenye muhuri.

Kirundi cha mtaani hakitofautishi: moto wa jikoni na moto wa waya vyote ni umuriro. Nasi kwa Kiswahili chetu cha hapa, umeme ukikatika, tunasema moto umeenda. Siku ile kwangu, Mheshimiwa, haukwenda. Ulikuja wote.

Naomba kiungio halisi cha alumini na shaba kwenye nguzo ile, na kwenye nguzo zote za mtaa, kifungwe na mtu mwenye ngazi yake. Naomba gharama za jiko na za waya ulioungua, risiti ninazo. Nataka pia kila nyumba mnayoiuzia umeme iwekewe kwenye mita kidude cha kuukata unapozidi kipimo, kwa gharama yenu, maana anayeuza moto ndiye ajenge mafiga. Na ule mstari wa "baada ya mita" ufutwe kwenye barua mliyoniandikia, kwa kalamu; ya kwangu naweza kuazimisha tena.

Ukipata nafasi njoo mwenyewe. Usije na chakula, nitakupikia sombe na ndagala. Ila toka mapema, na ukishavuka Rumonge mwambie dereva asimame pale magunia yanapopangwa kando ya lami, achague lililo kavu.

Wako mteja,

nyumba ya tatu baada ya nguzo iliyoinama, Kigwena.