PIMA MAJI YANAYOKIMBIA SHAMBANI MWAKO



Mkulima wa Muhoroni, Koru au Songhor huijua vema hesabu ya magunia yake na tani zake za miwa. Lakini ni wachache waijuao hesabu ya maji yatokayo shambani kila mvua inyeshapo. Maji hayo hayaendi mikono mitupu. Huchukua udongo wa juu, wenye rutuba, na kuushusha mto Nyando mpaka uwanda wa Kano na ghuba ya Winam. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wako wasemao, "Nipime nini? Makorongo nayaona." Ni kweli, korongo la Katuk Odeyo huko Nyakach halihitaji kipimo. Lakini korongo ni mwisho wa ugonjwa. Mwanzo wake ni maji membamba yanayoteleza juu ya shamba zima, na hayo jicho huyadharau.

Kupima si kazi ngumu. Chagua mahali penye mteremko. Zungushia mbao au mabati kipande cha mita 1 kwa mita 5, yaingie ardhini yasipitishe maji. Chini yake weka mfereji wa bati uelekee kwenye pipa la lita 200 lililofukiwa shimoni na kufunikwa. Karibu yake, mahali pa wazi, weka mkebe ulionyooka kando uwe kipimo cha mvua. Fanya vipande viwili: kimoja kilimwe kama desturi yako, cha pili kifunikwe kwa majani makavu ya miwa.

Mvua ya milimita 30 huangusha lita 150 juu ya kipande hicho. Ukikuta lita 75 pipani, nusu ya mvua imekukimbia. Kwa eka moja hiyo ni zaidi ya lita 60,000, yaani mapipa 300! Kisha acha matope yatuame, mwaga maji, yakaushe uyapime kwa mizani.

Huko Mpwapwa, Tanganyika, kati ya 1933 na 1935 walipima hivyo. Ardhi tupu ilipoteza karibu nusu ya mvua, shamba la mtama karibu robo, na penye nyasi hazikufika sehemu 2 katika 100.

Maoni yetu ni haya: kipimo kitangulie jembe. Mwaka 1947 huko Murang'a watu walikataa kuchimba matuta kwa amri. Mtu aliyeona matope ya shamba lake mwenyewe ndani ya pipa hahitaji kuamriwa.

Na asipime peke yake. Mipaka ya viwanja vyetu ilichorwa kwenye ramani, lakini maji hayasomi ramani. Mwenye shamba la juu akichimba tuta na kumwagia jirani maji yote, amemchimbia korongo. Kipande kidogo hakionyeshi nguvu ya maji ya kilima kizima. Kwa hiyo majirani wa mteremko mmoja wakutane pamoja na Bwana Shamba, walete hesabu zao, na wakubaliane njia moja ya maji iliyopandwa nyasi kabla ya yeyote kuchimba.

Ugomvi wa maji huanza baada ya mvua. Mapatano yafanywe kabla yake. Tayarisheni mapipa sasa.