Kuwika kwa Jogoo Si Ushahidi

Bahasha ya plastiki ya mke wangu ina karatasi kumi na moja. Kuna majibu ya ultrasaundi tatu, vipimo vya homoni, na picha ya eksirei ambayo ili ipatikane ilibidi alale chali, ipitishwe dawa kwenye mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, naye akang'ata upindo wa kanga asipige kelele. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, nimeshika mkoba wake. Kwa miaka mitatu, katika bahasha ile haikuwamo karatasi hata moja yenye jina langu.

Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujitolea. Mama yangu alikuwa akituma dawa za chango kutoka kijijini, za mkwewe. Mawifi walimhoji kama aliwahi kutoa mimba. Daktari mmoja alimwandikia vidonge vya kupevusha mayai bila hata kunitupia jicho. Mimi nilihesabiwa mzima, na shahidi wa uzima wangu alikuwa mmoja tu: jogoo anawika.

Imani hiyo, kwamba mwanamume anayeweza tendo hawezi kuwa na kasoro ya uzazi, ni ya vijiweni na vinyozini, lakini nimeisikia pia kwa watu wenye shahada mbili. Ni ya uongo, na imevunja ndoa za wanawake wasio na kosa.

Kusimama kwa uume ni kazi ya damu na mishipa ya fahamu. Hamu ikipanda, mishipa ya damu hutanuka, damu hujaa kwenye nyama iliyo kama sponji, na njia yake ya kurudia hubanwa. Basi. Kutengeneza mbegu ni kazi nyingine kabisa, inayofanyika kwenye vijirija vyembamba ndani ya korodani, na mbegu moja huchukua siku zinazokaribia 70 kuundwa. Kisha hupita kwenye mrija uliojikunja nyuma ya korodani, ambao ukinyooshwa hufika mita 6 hivi, na humo ndimo inapokomaa na kujifunza kuogelea. Kazi hii haipendi joto. Ndiyo maana korodani zimening'inia nje ya tumbo, ambako joto ni pungufu kwa nyuzi mbili au tatu. Kazi ya kwanza inaweza kwenda vizuri mno huku ya pili imesimama.

"Sasa mbona maji yanatoka?" Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Sehemu kubwa ya shahawa si mbegu. Karibu theluthi mbili ya maji yale hutoka kwenye vifuko vilivyo nyuma ya kibofu, na sehemu kubwa ya yaliyobaki hutoka kwenye tezi dume. Kinachotoka korodani ni asilimia chache tu. Mwanamume aliyefunga uzazi kwa kukatwa mirija ya mbegu, miezi michache baadaye humwaga karibu kiasi kilekile kwa raha ileile, bila mbegu hata moja ndani yake. Yeye haoni tofauti, wala mkewe haoni. Inayoona ni hadubini.

Wengine hujitetea kwa mtoto waliyemzaa zamani. Mbegu za mwaka ule zilikwisha mwaka uleule. Tangu hapo huenda kisonono au klamidia iliyotibiwa nusunusu imeziba mirija. Huenda kijana kaanza kujidunga testosteroni ili ajaze misuli. Ubongo ukiona homoni imetosha huacha kuziagiza korodani, nazo hulala, na anayejiona dume kuliko jana anabaki na mbegu chache kuliko jana. Na hizi dawa za nguvu za kiume zinazobandikwa matangazo kwenye kila nguzo ya umeme, hata pale zinapofanya kazi, jogoo tu ndiye anayewika zaidi. Mbegu haiongezeki.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia tatizo la ugumba maishani mwake. Mwanamume huchangia, peke yake au pamoja na mwenzake, katika karibu nusu ya wenzi wanaohangaika. Hata lugha yetu ilikuwa na haki kuliko sisi: mgumba ni mtu yeyote, wa kike au wa kiume. Sisi ndio tuliomtwisha mwanamke neno lile.

Hatimaye nilipewa kikopo chenye mfuniko. Niliambiwa nikae siku tatu bila tendo, na sampuli ifike maabara kabla ya saa moja kupita. Hakuna sindano wala maumivu. Ndicho kipimo chepesi kuliko vyote katika safari hii, na ndicho tulichokiweka mwisho. Mtaalamu aliiacha sampuli iyeyuke, akadondosha tone kwenye kioo, akaniruhusu nichungulie. Niliona uwanja mweupe, na mbegu za kuhesabika kwa vidole. Moja ilikuwa ikizunguka palepale. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini kuwa milioni 16 kwa mililita. Zangu zilikuwa milioni 3.

Mishipa inayorudisha damu kutoka korodani ya kushoto ilikuwa imevimba, kama ile inayovimba miguuni. Hali hii huwapata wanaume wapatao 15 katika kila 100; wengi huzaa bila shida, wengine ndio sisi, na kuna upasuaji wake. Pengine nilikuwa nayo tangu ujana. Jogoo hakuacha kuwika hata siku moja.

Kliniki zifungue faili moja lenye majina mawili tangu siku ya kwanza, na mwanamume akabidhiwe kikopo kabla mkewe hajalazwa chini ya eksirei. Asiyetaka aeleze kwa mdomo wake, mkewe akisikia.

Jioni ile nilimpigia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Lakini baba, si uko mzima?" Nikamjibu, niko mzima, mama, ila mbegu ndizo chache, na zile dawa zote alizokunywa mwenzangu hazikuwa zake. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hebu mpe simu mkwe wangu."