Kubariki Watu na Kubariki Ndoa: Tatizo la Istilahi

Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa tamko la Fiducia Supplicans, lililoruhusu padre kuwabariki wapenzi wa jinsia moja nje ya liturujia, bila kuuhalalisha uhusiano wao wala kuufananisha na ndoa. Katika Kiswahili tofauti hiyo haishikiki kwa urahisi: waliooana kimila au kiserikali huenda kanisani “kubariki ndoa”, yaani kuifunga Kikristo. Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alizikataa baraka hizo kwa hoja za Maandiko na utamaduni, akiongeza kwamba lugha ya tamko ni fiche mno kwa watu wa kawaida. Nyongeza hiyo haiwatendei haki waumini. Kitenzi hicho wanakijua barabara. Kinachokosekana ni istilahi ya pili, na kuiunda ni kazi ya watafsiri wa Kanisa (na wanaisimu, wakiombwa).